Ombi la Kuletewa Bahari Tororo kwa Behewa la Tangi

Nyumba Na. 14, Kambi ya Wafanyakazi,
Stesheni ya Tororo.
3 Oktoba 1966

Kwa Bwana Mtoaji wa Pasi za Likizo,
Makao Makuu ya Reli.

Bwana ninayekuheshimu bila kukuona,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema, kiti kizuri, na saa moja isiyo na kazi, kwa maana nitavihitaji vyote vitatu. Mimi ni Rasto Okochi, karani wa mizigo hapa Tororo kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Sijawahi kupoteza mzigo. Sijawahi kuchelewa kazini ila siku moja tu, siku mke wangu alipojifungua, nikachelewa dakika ishirini na kuandika barua ya kuomba radhi ambayo naamini bado mnayo. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo.

Mwezi uliopita nilipokea fomu yenu inayosema kwamba mimi, mke wangu, mtoto wetu na mzee mmoja tunayemtunza tumepewa pasi ya likizo ndefu, daraja la pili, kwenda na kurudi, mpaka stesheni yoyote nitakayoitaka. Nilifurahi sana na nikawaambia watu wengi, jambo ambalo sasa najutia. Chini ya fomu kuna mstari mfupi ulioandikwa “Stesheni ya Mwisho wa Safari”, na kalamu yangu imekauka mara nne juu ya mstari huo. Fomu irudi kwenu kabla ya tarehe kumi na tano. Mtoto naye anaanza shule Januari. Tusipokwenda mwaka huu, hatutakwenda tena mpaka atakapokuwa na watoto wake mwenyewe, na wakati huo pasi itakuwa ya mume wake.

Malalamiko yangu, kwa adabu zote, ni haya.

1. Mmetupa stesheni nyingi mno. Mtu mwenye mtoto wa miaka minne hapaswi kuambiwa “stesheni yoyote”. Apewe mbili, zote za karibu, na moja iwe imefungwa kwa matengenezo. Mimi binafsi nilitaka Kigoma. Kwa miaka kumi na miwili nimeandika neno Kigoma kwenye hati za mizigo, juu ya magunia na masanduku ya kila aina, wala sijui Kigoma pakoje. Natamani tu kwenda kuona kama vitu vyangu vilifika. Mke wangu Felistus alitaka Nairobi, ambako dada yake Peninah ana nyumba yenye bomba la maji ndani na hachoki kutuandikia habari za bomba hilo. Tungegombana kama watu wazima, mmoja angenuna siku mbili, na mambo yangekwisha. Lakini mimi, kwa ujinga ambao sitausamehe, nilisema tumwulize mtoto.

Mtoto anaitwa Abbo. Nilimtandikia ramani ya reli barazani nikamweleza kila mahali kwa uaminifu. Nilimwambia kwamba Kasese kuna milima yenye barafu juu yake, Mwanza mtu anafika kwa meli, na Nairobi kuna maji yanayotoka ukutani. Kwa kila stesheni aliuliza swali lilelile: “Kukhu nakaa wapi?” Kukhu ndivyo wanavyomwita bibi kwao Bulumbi, kwa hiyo aliyekuwa akiuliziwa hapo ni mama mzazi wa mke wangu. Nikamjibu kwamba mzee atakayesafiri nasi kwa pasi ni shangazi yangu wa Petta. Abbo akaikunja ramani, akaiweka chini, akaikalia. Kisha akatoa hukumu yake kwa Kiswahili alichokiokota soko la Busia: “Mimi nakwenda Mombasa na Kukhu. Mama nakwenda. Baba pia nakwenda. Basi.” Tangu siku hiyo hajapunguza neno hata moja, na kila asubuhi hagusi uji mpaka aulize kama fomu imekwenda.

2. Behewa lenu halina pa kuchepukia. Bwana, sijui kwenu ni wapi, na kama kwenu watu hucheka na wakwe zao mezani, nawatakia heri. Kwetu Petta na kwao Bulumbi tunatofautiana kwa lugha, kwa mboga na hata kwa namna ya kulia msibani, lakini kwa jambo moja hatujawahi kupishana. Mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali wakionana, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini mpaka mwenzake apite. Jina lake silitaji. Kwenye fomu, mahali pa jina la mzee, nitaacha wazi, na mwenzangu Odhiambo ataliandika huku nikiangalia dirishani. Nimeoa mwaka wa sita sasa, na mgongo wa mama huyu naufahamu kuliko uso wake. Ni mgongo wa mtu mwema, sina lalamiko nao hata kidogo.

Sasa nimepima ujia wa behewa la daraja la pili kwa futi ya ofisini. Unamtosha mtu mmoja na nusu. Kulia ni milango ya vyumba, kushoto ni madirisha, na majani yako nje, yanapita kwa kasi. Naomba Idara initamkie waziwazi: mtu akikutana na mama mkwe wake katikati ya ujia huo, kati ya Eldoret na Nakuru, achepuke aende wapi?

3. Kuhusu behewa la chakula. Nimeambiwa kengele hupigwa mara mbili, watu wa kwanza wakala wakatoka, wa pili wakaingia. Mpango huo unaonekana umetungwa na mtu mwenye mama mkwe, nami nampongeza. Hata hivyo hakumfikiria mtoto. Kati yangu na mama mkwe hakuna anayeruhusiwa kupeleka maneno ila mke wangu na Abbo, na mke wangu amesema yeye likizo anakwenda kupumzika. Anabaki Abbo. Safari iliyopita Bulumbi mama mkwe alimtuma saa saba aniambie chakula kimewekwa tayari nyuma ya nyumba ndogo. Njiani Abbo alikutana na mbuzi aliyezaa. Ujumbe ulinifikia saa kumi na moja, ukiwa na habari nyingi za mbuzi na neno moja tu la chakula. Katika treni hakuna mbuzi, nakubali, lakini kuna madirisha, na nje ya madirisha kuna Kenya nzima.

4. Hatukukaa tu tukaogopa. Tulifanya jaribio, nami nataka uandike hivyo katika faili yangu. Wiki mbili zilizopita mama mkwe alikuja kutuletea viazi vitamu, akafikia kwa majirani kama inavyopasa, na siku hiyo kulikuwa na behewa tupu la daraja la pili limesimama kwenye reli ya pembeni. Nilimwomba msimamizi wa yadi, Bwana Osborn, tulikalie kwa nusu saa. Alikubali kwa moyo mweupe na hana kosa lolote katika yaliyofuata.

Mama mkwe aliingia kwa mlango unaoelekea Mombasa. Mimi niliingia kwa ule unaoelekea Kampala. Yeye chumba cha mwisho, mimi chumba cha kwanza, milango imefungwa, Felistus katikati akifuma, na Abbo akikimbia ujiani na kopo lake la uji. Kwa dakika kumi tulikuwa familia inayosafiri vizuri. Nilianza hata kufikiri kwamba nimeikosea heshima reli. Ndipo injini ya yadi ikaja kuunganisha mabehewa, kama ilivyo kazi yake, likatokea lile pigo dogo ambalo sisi watu wa reli hata hatulisikii. Mlango wangu ukafunguka wenyewe. Kopo la uji likamtoka Abbo na kuanza kubingirika ujiani. Nikalifuata kwa magoti, maana nawafahamu wasafishaji wa mabehewa na sikutaka lawama. Kumbe kutoka upande wa pili kuna mtu mwingine naye analifuata kopo hilohilo kwa magoti. Nilipoinua macho niliona mikono miwili ya mwanamke mzee ikilishika kopo. Sikungoja kuona zaidi.

Nilitokea dirishani. Niliangukia lundo la makaa ya mawe, suruali ya sare ikapasuka, nayo nitaiandikia barua nyingine. Baadaye nilisikia kwamba yeye naye, kwa umri wake, alitokea dirisha la upande wa pili na kuumia goti. Abbo alibaki juu peke yake, akatoa kichwa nje na kuitangazia yadi nzima: “Baba nakimbia Kukhu! Kukhu nakimbia Baba! Mama nacheka!” Mpaka leo wapagazi wakiniona nakuja wanaulizana kwa sauti kama njia ni nyeupe. Sikupenda lile goti, Bwana. Nimelifikiria sana goti lile.

5. Kuhusu bahari yenyewe, ambayo ni jambo zito kuliko yote. Hata tukifika salama, yeye kwenye behewa la mbele na mimi nikiwa nimejificha kwenye behewa la gadi kati ya vifurushi, tutafika mahali penye maji. Kwetu mwanamume haogi mtoni mahali anapooga mama mkwe wake, awe juu yake au chini yake. Kwa mto jambo hili ni rahisi, kuna mito mingi. Bahari je? Nilimwuliza katekista, akaniambia niache maswali ya aina hiyo. Nikamwuliza Sulaiti, mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, ambaye amekaa Mombasa miaka mitatu na ni mtu mkweli nje ya duka lake. Aliniambia kwamba maji yale huja na kurudi, mara mbili kwa siku, na ni yaleyale.

Pima mwenyewe, Bwana. Mama mkwe akitia miguu asubuhi upande mmoja wa mji, mimi nikitia miguu jioni upande mwingine, nitakuwa nimeoga maji yake. Nikienda mbali zaidi, mpaka Tanga, bado ni yaleyale. Sulaiti anasema hata Bombay ni yaleyale, kwa hiyo hata nikikimbilia Uhindi sijaokoka. Kwa kuwa nyinyi mna reli na bandari pamoja, naamini maji nayo yako chini ya Idara. Je, haiwezekani yakatengenezewa ratiba, au yakatengwa kwa ukuta mdogo, upande wa wakwe na upande wa watu wengine? Saruji tunaitengeneza hapahapa Tororo. Nitaandika hati za mizigo mwenyewe.

6. Nilitoa suluhisho la kiungwana likakataliwa. Nilimweleza Abbo kwamba mama yake na Kukhu wampeleke Mombasa, mimi niende Kigoma, na sote tupungiane mikono siku ya kuondoka. Nilimwonyesha kwenye ramani jinsi Kigoma ilivyo mbali na nzuri. Akaingia ndani ya sanduku la safari, akalala kifudifudi juu ya nguo zangu, akasema hatoki. Alikaa humo tangu saa tatu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Tulipomtoa alisema kwamba Baba asipokwenda Kukhu hatakwenda, na Kukhu asipokwenda yeye atahamia Bulumbi kuchunga mbuzi, na shule waende wanaotaka. Nilimwambia Felistus mtoto huyu anahitaji kuongozwa. Felistus alisema anamwona anaongoza vizuri tu.

Sikuelewa kwa nini lazima niwemo. Mtoto wa miaka minne akitaka baba yake awe pamoja naye ni jambo la kumfurahisha mtu, lakini huyu hakuwa akinitaka kwa mapenzi tu. Alikuwa akinitaka kwa kazi fulani. Ilinichukua siku tatu kuijua kazi hiyo, nami nitaieleza hapa chini ingawa si lalamiko hasa, au kama ni lalamiko sijui nimpelekee nani.

7. Baba mzazi wa mke wangu alikwenda vitani mwaka wa arobaini na tatu. Aliondokea hapahapa Tororo, kwenye jukwaa ninalolipita kila siku na karatasi zangu, katika treni ya askari iliyokwenda Mombasa, na huko akapandishwa meli. Mama mkwe alimsindikiza akiwa na Felistus mgongoni. Miaka miwili baadaye ilikuja karatasi. Karatasi ilisema amekufa, haikusema wapi, na hakuna kaburi. Mjane asiyekuwa na kaburi hana mahali pa kwenda kusema maneno yake, na mama huyu ameyashika maneno yake kwa miaka ishirini na zaidi. Mtu pekee aliyemwambia ni mjukuu wake, wakiwa wanachambua maharage.

Abbo amekulia mpakani, Bwana. Anajua kwamba ukiwa na ndugu ng'ambo ya mto, unakwenda mpaka ukingoni, unaita kwa nguvu, na ndugu anasikia, anavuka anakuja. Hivyo ndivyo tunavyofanya kila siku kwenye Mto Malaba, iwe ni kuazima jembe au kupeleka habari za mgonjwa. Alipoambiwa kwamba Kuka, yaani babu yake, alivuka maji asirudi, yeye aliuliza tu maji hayo yako wapi. Akaambiwa Mombasa. Mambo yakawa yamekwisha kichwani mwake: twende ukingoni tuite. Sauti ya Kukhu ni ndogo siku hizi, na yake mwenyewe haijakua. Felistus ana kifua kibovu. Anayepiga kelele zaidi katika familia, kwa maoni ya Abbo, ni mimi. Hiyo ndiyo kazi niliyochaguliwa.

Nitasema wazi kwamba jambo hili lilinichoma. Nimekula kuku wa mama yule miaka sita, nyuma ya nyumba ndogo, mgongo kwa mgongo. Nimefanya kazi kwenye jukwaa alilosimama. Sikujua. Nisingeweza kujua, kwa kuwa mkwe hamwulizi mkwe habari za moyo wake. Habari imenifikia kwa mtu ambaye bado anavaa viatu kinyume.

8. Kwa hiyo, baada ya kuyapima hayo yote, naleta ombi langu, na ninaamini ni ombi la mtu mwenye akili timamu. Kwa kuwa mtoto hakubali mahali pengine ila baharini. Na kwa kuwa mama mkwe anastahili kuiona bahari hiyo. Na kwa kuwa mimi na yeye hatuwezi kukaa katika treni moja, behewa moja wala maji mamoja. Naomba sisi tusiende. Ije bahari.

Naomba behewa moja la tangi, lililooshwa vizuri lisinuke mafuta, lijazwe maji ya bahari pale Kilindini na kuletwa Tororo kwa treni ya mizigo ya kawaida. Sina haraka. Likifika, liwekwe kwenye reli ya pembeni kwa siku tatu. Siku ya kwanza atakuja mama mkwe na mtoto, atasema maneno yake juu ya maji hayo, na mimi nitakuwa Petta. Siku ya pili watapumzika. Siku ya tatu, akishaondoka, nitakuja mimi nipande ngazi, nifungue mfuniko, niite ndani ya tangi jina la babu yake mtoto kwa sauti yote niliyo nayo, ili Abbo aridhike. Kisha maji yarudishwe Mombasa yalikotoka, yakiwa kamili, kwa hati nitakayoiandika kwa mkono wangu. Pasi ya watu wanne mnaweza kuifuta. Nimepiga hesabu ya usumbufu na naona tangi moja ni usumbufu mdogo kuliko sisi.

Mkihofia kwamba kila karani ataomba bahari, nawahakikishia nitalifanya jambo hili kimyakimya. Ni wapagazi tu watakaojua, pamoja na wake zao.

Nisalimie wote walio chini yako na walio juu yako, waandishi wa mashine, mzee wa chai, na yule bwana anayepiga mihuri yenu mlalo. Waambie Tororo ipo na mizigo inakwenda. Felistus anakusalimu. Abbo anauliza kama wewe una bibi, na kama hana goti linalomuuma.

Mimi, niliye tayari kungoja tangi saa yoyote,

Rasto Okochi
Karani wa Mizigo, Tororo

Nyongeza: Bwana, barua hii nilikuwa nimekwisha kuitia gamu, nimeifungua tena na ndiyo sababu bahasha imechanika. Leo asubuhi mama mkwe amekuja. Ametembea kutoka kituo cha basi akichechemea, akakataa kufikia kwa majirani, akasimama nyuma ya jiko letu, nami nikiwa barazani. Akamtuma Abbo. Safari hii Abbo hakupotea njiani, ingawa kulikuwa na paka.

Kukhu anasema hivi: amesikia nataka kumletea maji ndani ya chuma. Asante, lakini maji hayo yatakuwa si yale. Anataka kusimama pale mume wake alipopandia meli. Anajua vizuri kwamba hakuna atakayeitika, asidhaniwe amepungukiwa na akili. Anataka tu aite mara moja, halafu arudi nyumbani alime. Sauti ya mtu mwingine haitaki, atatumia yake mwenyewe. Ila amesikia mchanga wa kule unateleza na maji yanavuta miguu, na goti lake silo tena. Felistus anaogopa maji tangu utotoni. Mtoto ni mdogo. Kwa hiyo anauliza ni nani atakayemshika mkono asianguke.

Abbo alinieleza yote hayo bila kupumua. Kisha akanitazama mikono, mmoja baada ya mwingine, akasema: “Baba, wewe nayo mikono mbili.”

Naomba ufute namba moja hadi namba nane. Tangi lisije. Kwenye mstari wa chini andika Mombasa, watu wanne, chumba kimoja chenye vitanda vinne, kwa tarehe yoyote iliyo karibu. Wazee wa Petta na wa Bulumbi nitawajibu nikirudi, na faini watakayonitoza nitaikubali.

Nilishuka barazani nikazunguka jiko. Hakuniona nikija, alikuwa amenipa mgongo kama kawaida yetu. Nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba nitamshika.